Kifuniko cha Gunzi

Ruangwa, 1998

8 Juni, Jumatatu

Mdogo wangu Saturnini anasema mdomo wangu utatufukuzisha mjini hapa, nifunge. Sawa. Nitasemea humu.

Naanza na Lukumani kwa kuwa ndiye anayekaa mbele ya macho yangu. Baraza ninaposhonea linatazamana na uwa wake, na kila anachofanya nakiona nipende nisipende. Ana mashine tano za kupulizia salfa, alizinunua zikiwa chakavu. Kila msimu wa ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, anaajiri vijana wa kuzibeba mgongoni, wanapulizia mikorosho ya watu kuanzia Chinongwe mpaka Nanganga. Saturnini ni mmoja wao.

Bwana huyu ni Mmwera na sisi ni Wamakonde, yaani ni watani wetu. Tunazikana na kutukanana tangu enzi za mababu, na mwenye kukasirika ndiye mwenye aibu. Hilo ni jambo zuri likiwa kwa watu wazuri. Lukumani yeye ameufanya utani kuwa posho. Kijana akilalamika njaa, anaambiwa Wamakonde mmezoea kuoga umande huko juu Newala kusikokuwa na maji, njaa nayo mtaiweza. Wote wanacheka. Saturnini ndiye anayecheka kuliko wote, na kicheko chake kinaniudhi.

Leo Lukumani kaniletea mifuko mitupu ya unga wa ngano, anataka nimshonee vitambaa vya kuziba pua na mdomo kwa ajili ya vijana wake. Nilishangaa, nikamwambia ni jambo la maana. Akasema, "Mimi ni baba yao, fundi Marietha."

11 Juni

Bwana shamba alikuja kukagua. Vijana wote walikuwa wamejifunga vitambaa vyangu, wamepangwa mstari kama watoto wa kipaimara. Alisifu sana, akanywa soda, akaondoka. Vumbi la pikipiki yake halijatua, Lukumani akapita na kapu akavikusanya vitambaa vyote, akavifungia stoo.

Kumbe nilishonea maonyesho.

19 Juni

Macho ya Saturnini mekundu kama ya mtu aliyelala porini akilinda shamba lisiliwe na nguruwe. Nimemwosha kwa maji baridi. Anasema ni kawaida ya salfa.

20 Juni

Mpira wa Kombe la Dunia kwenye redio ya Lukumani, watu wamejaa uwani kwake. Kelele tu. Nimemaliza sare tatu.

27 Juni, Jumamosi

Leo nimeona jambo, naliandika lilivyo.

Vijana walirudi wakaziweka mashine chini karibu na baraza langu. Ile ya Saturnini haina kifuniko cha tangi la petroli. Kilipotea mwaka jana, ndivyo alivyoniambia. Mahali pa kifuniko pamechomekwa gunzi la mahindi lililoviringishwa nailoni. Gunzi. Limelowa petroli mpaka limekuwa jeusi, na shati la Saturnini lote mgongoni lilikuwa linanuka petroli.

Nilivuka njia nikamwambia Lukumani mbele ya watu kwamba mashine ile ina moto chini na petroli juu, na katikati yake kuna mgongo wa mdogo wangu. Akacheka. "Mtani, gunzi limeziba mitungi ya bibi zetu miaka yote, wewe fundi wa cherehani umelionea wapi kosa?" Watu wakacheka. Nikamwambia mitungi ya bibi ilikuwa na maji. Wakacheka tena, safari hii hata mimi sikujua wanamcheka nani.

Land Rover yake ina kifuniko cha tangi chenye kufuli. Nimekihakikisha kwa macho yangu nikirudi.

4 Julai

Upepo. Hawakwenda shamba. Saturnini kalala mchana kutwa.

9 Julai

Bi Sofia, mama yake Lukumani, ametoka Matambarale kuja kumwona mwanawe. Kizee hiki sina neno nacho. Kila akipita barazani anasimama kumtania Saturnini. "We uso wa chale, bado hujaoa? Au unasubiri mimi nifiwe na mzee?" Mzee wake alishakufa zamani. Saturnini akamjibu, "Bibi, wewe nikikuoa nitakulisha nini, meno huna." Wakashikana mikono wakicheka. Nilijikuta nacheka na mimi.

Sijui mti ule ulizaaje tunda lile.

16 Julai, Alhamisi



Walikwenda Chinongwe alfajiri, salfa inataka umande. Saa mbili nikamwona Nuhu, mwenzake Saturnini, anakuja mbio kwa baiskeli na mtu amembeba nyuma, amemfunga kwa khanga asianguke. Sikumtambua mtu yule mpaka alipotamka jina langu.

Nuhu alinieleza huku analia. Saturnini alijaza petroli mashine ikiwa ya moto, kwa sababu ndiyo amri, hairuhusiwi kuizima, inasumbua kuwaka na umande haungoji. Akachomeka gunzi, akaipandisha mgongoni, akainama kupita chini ya tawi la mkorosho. Alipoinama gunzi likatoka. Petroli ilimwagika juu ya ekzosi na mgongoni mwake kwa pamoja. Nuhu anasema salfa ilishika moto wa buluu, hata hauonekani vizuri kwa jua, mtu unamwona anapiga kelele tu hujui anapigia nini kelele. Mikanda ya mashine haikufunguka. Wakamvingirisha kwenye majani.

Mgongo, bega la kulia, mkono wa kulia mpaka chini ya kiwiko. Sitaandika nilichokiona nilipoifungua ile khanga.

Sasa sikiliza. Land Rover ilikuwa palepale shambani, imepeleka salfa. Vijana walipombeba Saturnini kwenda kumpakia, Lukumani alisema ana mifuko ya kufikisha Nanganga kabla jua halijakausha umande, watangulie na baiskeli, yeye atawapita njiani. Nuhu anasema aliwapita kweli. Alipiga honi.

Nilimpata mwenye lori la mbao akatupeleka Nachingwea hospitali. Barabara bado ina mashimo ya mvua za mwaka huu, na kila shimo Saturnini alikuwa ananishika gauni kwa mkono wa kushoto. Hakulia. Naandikia kwenye benchi la wodi.

23 Julai

Nachingwea. Yu hai.

25 Julai, Jumamosi

Lukumani amekuja kutazama mgonjwa. Sukari kilo moja, na kanzu nyeupe kama anakwenda kuposa. Alisimama mlangoni mwa wodi akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mtani wangu wamemwivisha, wala hawakutia chumvi."

Wagonjwa wengine walitazama chini. Saturnini akacheka. Mgongo wake uko wazi, nzi tunawafukuza kwa kipande cha boksi, naye anacheka. Nilitoka nje nikasimama kwenye jua mpaka hasira ikapoa, nikarudi, nikakuta mgeni ameshaondoka.

"Unamchekea nini?" nikamwuliza.

"Ni mtani, dada. Nifanyeje?"

Nilitaka kumpiga, lakini hana mahali pa kupigwa.

8 Agosti

Redio ya wodini inasema bomu limelipuka Dar, kwenye ubalozi. Watu wamekufa. 

15 Agosti, Jumamosi

Tumerudi nyumbani. Vidonda vinafunga, lakini kwenye kiwiko ngozi mpya inavuta. Mkono umejikunja kifuani kama mtu aliyebeba kifaranga. Daktari ameniambia wazi, na nimemwomba arudie mara mbili: apelekwe hospitali ya misheni, wamkate kovu na kumtia ngozi ya paja. Ifanyike kabla ya mvua kuanza. Ikichelewa, kovu litakuwa gumu na viungo vitaganda, na huo ndio utakuwa mkono wake mpaka siku ya kufa.

Ana miaka ishirini na minne. Ni mtu wa jembe.

Nimekwenda kwa Lukumani jioni ileile. Sikumtukana, nilikwenda kwa adabu, na khanga mpya. Nikamwambia, "Mzee, mtu ameumia kazini kwako, kwa mashine yako. Matibabu ni yako. Ndivyo sheria inavyosema, na hata isingesema." Akanikaribisha chai. Akaniuliza ni sheria gani, imeandikwa na nani, maana yeye hajawahi kumwajiri Saturnini.

"Amefanya kazi kwako misimu mitatu."

"Alikuwa ananisaidia. Mtani humsaidia mtani wake. Kuna karatasi aliyotia sahihi?"

Hakuna. Hakuna kijana hata mmoja aliyetia sahihi popote. Nilimwachia chai yake mezani.

20 Agosti, Alhamisi

Kwa mtendaji wa kata. Nimejifunza leo kwamba binadamu anaweza kusema uongo huku anachezea tasbihi.

Lukumani alisimama akasema maneno haya, na nayaandika kama yalivyotoka: "Bwana mtendaji, mimi si mwajiri wa kijana huyu. Mimi ni mtani wake. Mambo yetu ni ya utani, si ya serikali. Kijana mwenyewe yuko hapa, mwulizeni kama mimi si mtani wake."

Mtendaji, ambaye mashati yake nayashona mimi na ambaye shingo yake imenenepa sana mwaka huu, akamgeukia Saturnini. "Ni mtani wako?"

"Ndiyo," akasema Saturnini. "Ni mtani wangu."

"Basi."

Nikasema kuna shahidi. Nuhu akaitwa. Nuhu aliyekuja kwangu analia, aliyenieleza gunzi lilivyotoka, alisimama akisugua kidole gumba akasema yeye siku ile alikuwa safu ya mbali, hakuona vizuri, na kuhusu kifuniko hafahamu. Nuhu ana watoto wawili na msimu haujaisha. Naelewa. Kuelewa hakunizuii kumdharau.

Mtendaji alihitimisha kwa kutuasa tuishi kwa amani. Wakati tunatoka Lukumani alimpiga Saturnini begani, bega zima. "Umesema kweli, mtani."

Njia nzima sikumsemesha ndugu yangu.

24 Agosti

Bado simsemeshi. Nampikia tu.

28 Agosti, Ijumaa

Nimefika Lindi kwa afisa wa kazi. Nililala njiani kwa ndugu. Afisa ni kijana mpole, miwani yake safi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema sheria ya fidia ipo, ni ya siku nyingi, na mwajiri ndiye anayetakiwa kuanza kwa kutoa taarifa ya ajali.

"Na mwajiri akisema yeye si mwajiri?"

Aliivua miwani akaifuta. "Hapo inakuwa ngumu, mama. Tungekuja kupeleleza, lakini gari letu bovu, na tangu lile bomu la Dar maofisi yote yamechanganyikiwa."

Nikamwuliza bomu la Dar limeingiaje kwenye mkono wa Saturnini. Alinitazama kwa huruma. Huruma yake ingekuwa karatasi ningeifungia vitumbua.

4 Septemba

Bi Sofia amekuja tena kutoka Matambarale, safari hii kwa ajili ya Saturnini. Alikuja na shubiri na asali, akakaa mkekani akawa anampaka kovu taratibu. Ananuka tumbaku. Amekonda mno, na kila baada ya maneno machache anapumzika.

"Mkono huu si wa kukunjwa hivi," akasema. "Nimemwambia mwanangu. Nimemwambia jana, nimemwambia juzi. Kichwa chake kigumu, kama cha baba yake."

"Usijali, bibi," Saturnini akamwambia. "Mkono ukikaa hivi, nitakuwa nakubebea tumbaku kwenye kiwiko."

Kizee akacheka mpaka akakohoa. Alipotulia akasema, "Sikiliza, we Mmakonde. Mimi siku zangu zimekwisha. Siku hiyo ikifika usilale nyumbani. Njoo. Na usikubali nizikwe bure."

"Nitakuja, bibi."

"Mbele ya dada yako umesema."

Watani huzungumza hivyo kila siku, kila mmoja anamwahidi mwenzake kumsumbua kaburini. Niliendelea kupiga pasi. Lakini nimeanza tena kumsemesha Saturnini, maana kama kizee kinaweza kuja kwa miguu, nami naweza kufungua mdomo.

12 Septemba

Mabibo ya kwanza mikoroshoni yameanza kuwa mekundu kwa watu waliopulizia mapema. Lukumani anapita akisifiwa, ati mwaka huu korosho ni nyingi.

18 Septemba

Wingu upande wa Nachingwea jioni. Halikunyesha. Sikulala vizuri. Najaribu kila siku kuunyoosha mkono wake kwa mafuta ya nazi, anauma meno, haunyooki hata upana wa kidole.

25 Septemba, Ijumaa

Bi Sofia amefariki usiku huko kwake Matambarale. Mungu amweke pema. Kesho mazishi.

Saturnini kaniomba nimpigie pasi shati jeupe na kulipasua mkono wa kulia ili aweze kulivaa. Nimemwambia haendi. Atakwenda kufanya nini kwa mtu yule, kuchekwa? Akasema, "Nilimwahidi." Ni mara ya kwanza tangu aungue nimemsikia akisema neno moja bila kulicheka.

26 Septemba, Jumamosi

Naandika yote, hata kama mafuta ya taa yataisha.

Makaburi ya ukoo wao yako nyuma ya nyumba, chini ya mikorosho, kwa hiyo sisi wanawake tulikuwa tunaona kila kitu kutoka uwani. Watu walikuwa wengi, mpaka wa Nanganga, na watani wa kila upande. Watani walifanya kazi yao: mmoja amevaa gauni la marehemu anatembea kwa kuchechemea kama yeye, mwingine anadai marehemu alikufa na deni lake la ugoro. Watu wanalia na kucheka kwa zamu, ndivyo ilivyo kwetu. Shehe alikuwa ananung'unika, lakini naye amezaliwa hapahapa.

Jeneza lilipotoka nje, wachimbaji wakawa wanamalizia. Nuhu alikuwa mmojawao. Nikamwona Saturnini anatoka kwenye kundi la wanaume, anakwenda mpaka ukingoni mwa kaburi. Alisema neno kwa Nuhu. Nuhu akatazama huku na huku, kisha akaweka jembe chini, akamshika mkono wa kushoto, akamteremsha. Saturnini akalala chali ndani ya kaburi la Bi Sofia, mkono wake umekunjwa kifuani.

Watu wakapiga kelele za furaha. Mtani akiingia kaburini hatoki mpaka wafiwa wampe kitu, na ni jambo linalofanyika kila mara. Lukumani akasogea, kanzu yake imeingia vumbi, macho yamevimba. Alikuwa analia kweli, hilo nalikiri, mama ni mama. Akatupa sarafu. Watu wakacheka. Saturnini hakusogea.

"Ongeza, mtani," watu wakasema.

Akaagiza kuku. Kuku akaletwa, akashushwa mle ndani kwa kamba. Saturnini akamfungua kamba, kuku akaruka akakimbilia mikoroshoni, na watoto nyuma yake. Watu wakacheka tena, lakini kicheko kilikuwa kimepungua.

"Toka sasa, mtani," akasema Lukumani. "Mama yangu anangoja."

Kutoka chini sauti yake ilitufikia vizuri. Hakupaza. "Mimi na yeye tunangojana. Aliniambia nisikubali azikwe bure."

"Unataka nini?"

"Nataka unipeleke hospitali ya misheni kwa gari lako, na ugharimie matibabu yangu mpaka mkono huu unyooke. Mbele ya watu hawa."

Kuku tu ndiye alikuwa anapiga kelele huko alikokimbilia.

Lukumani akainama. Alisema kwa sauti ya chini lakini kwa kuwa watu wote walikuwa wamenyamaza, wote walisikia. "Saturnini, hayo ni mambo ya kazi. Hapa si mahali pake. Kama ni mambo ya kazi tutazungumza ofisini."

"Kazi gani?" akasema Saturnini. "Mimi si mfanyakazi wako. Umesema kwa mtendaji, mtendaji yule pale, amekuja kuzika. Mimi ni mtani wako. Mfanyakazi ungemwitia polisi. Mtani hatolewi."

Niligeuka kumtazama mtendaji. Alikuwa ameshughulika sana na kamba ya kiatu chake.

Shehe akasema maiti hacheleweshwi. Wazee wa Kimwera wakamwambia Lukumani, si Saturnini, kwamba maiti hacheleweshwi. Wanaume wawili wa ukoo walitaka kuteremka kumtoa kwa nguvu, mzee mmoja akawazuia kwa fimbo, akasema ukimtoa mtani kwa nguvu kaburini utamzika nani na nani atakuzika. Lukumani alikuwa anatazama nyuso moja moja akitafuta mtu wa kucheka naye. Hakumpata. Mtu yule amecheka maisha yake yote na watu, na leo wote walikuwa wanamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyejamba msikitini.

Aliyemaliza ni dada yake mkubwa, Bi Amna. Wanawake hawaendi ukingoni, yeye alikwenda. Alimshika mdogo wake kwenye kanzu, akatia mkono mfukoni mwake bila kumwomba, akatoa ufunguo wa Land Rover, akautupa kaburini.

"Mama alisema," akamwambia. "Nilikuwepo. Alisema mara tatu, ukamjibu kwa mzaha mara tatu. Sema mbele ya watu kwamba utampeleka."

Lukumani akasema. Alisema kwa sauti ndogo. Bi Amna akamwambia aseme tena.

Nuhu ndiye aliyemvuta Saturnini kutoka, na mimi nilikuwa nalia sijui kwa ajili ya nani, kwa kizee au kwa kijana yule niliyemwita mjinga miezi miwili. Alipopita karibu yangu alikuwa na udongo kwenye nywele na ufunguo mdomoni, kwa kuwa mkono wake mzima ndio alioshikwa wakati wa kuvutwa. Kisha akaenda kuwasaidia kumzika Bi Sofia. Alimwaga udongo kwa mkono mmoja mpaka mwisho.

28 Septemba

Land Rover ilikuja saa kumi na mbili asubuhi. Lukumani mwenyewe kwenye usukani. Hakupiga honi.

6 Oktoba

Hospitali ya misheni. Wamemfanyia upasuaji leo. Daktari anasema tumewahi, lakini siyo sana.

7 Oktoba

Mvua kidogo usiku, ya kulaza vumbi. Nilikaa macho naisikiliza kwenye bati, mara ya kwanza bila kuiogopa.

24 Oktoba

Ngozi imeshika. Sasa ni mazoezi. Anashikishwa ndoo ya mchanga, kila siku nusu saa, anatukana kwa Kimakonde chote anachokijua na masista wanafikiri anasali.

30 Oktoba

Tumerudi. Mkono umenyooka, umebaki mpindo mdogo tu kwenye kiwiko. Nimempa sindano aitunge uzi, akaitunga.

Nuhu alikuja barazani. Akasema, "Dada Marietha, ile mashine bado iko stoo. Na gunzi bado limo." Nikamwuliza kwa nini ananiambia mimi. Akasema hana mwingine wa kumwambia. Nimemkaribisha kiti. Dharau yangu kwake imepungua, haijaisha.

Mjini hadithi inayosimuliwa ni kwamba Lukumani alimtibia mtani wake kwa moyo wake mwema. Mtendaji ndiye anayeisimulia vizuri kuliko wote.

3 Novemba, Jumanne

Arobaini ya Bi Sofia, Matambarale. Pilau, na uraka, pombe ya mabibo, kwa wasioswali. Saturnini alikaa na watani wenzake, na kwa mara ya kwanza niliona wanampisha nafasi.

Baada ya dua Lukumani akasimama. Amerudi kuwa Lukumani, tumbo mbele. Alisema mama yake alipenda watu wapatane, na yeye hana kinyongo na mtu. Halafu akaja mpaka mbele ya Saturnini, na watu wote wanatazama, akanyoosha mkono wake wa kulia.

"Mtani wangu, yamekwisha. Mwezi wa sita nakungoja. Mashine yako ipo palepale, hajaigusa mtu."

Nilishika pindo la khanga yangu. Saturnini akautazama ule mkono. Kisha, taratibu, akaukunja wa kwake mpaka kifuani, kama ulivyokuwa mwezi wa nane, kama amebeba kifaranga.

"Bado haujanyooka, mtani," akasema.

Kicheko kilianzia kwa wazee wa Kimwera kikafika mpaka jikoni. Lukumani ilimbidi acheke pia, ndiyo sheria yenyewe, mwenye kukasirika ndiye mwenye aibu. Alicheka huku mkono wake uko hewani, hajui aurudishe wapi. Bi Amna akampa sahani aishike.

Tuliondoka kabla ya jua kuzama. Mkono Saturnini aliuacha umekunjwa mpaka tulipoivuka mikorosho ya mwisho ya Lukumani na nyumba yao haionekani tena. Hapo akasimama, akaunyoosha wote juu, akavuta tawi la mtu mwingine, akachuma bibo. Akalila, maji yakamtiririka mpaka kwenye kovu.

Korosho yake alinipa mimi. Nimeiweka hapa mezani karibu na cherehani.